Kununua zana Kariakoo au duka la hapa Masasi: ile bei ya ziada inanunua nini?

Seremala wa Masasi anauliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni fundi seremala hapa Masasi, na kazi yangu kubwa ni milango, madirisha na vitanda. Kama mjuavyo, kazi hizo hujaa karakana kuanzia mwezi wa kumi, fedha za korosho zinapoanza kuingia, na ikifika masika hupungua sana. Kwa hiyo zana ikiharibika mwezi wa kumi na moja, ninachopoteza si bei ya zana peke yake, bali ni wateja wa msimu mzima wanaohamia kwa fundi mwingine, na wengine hawarudi.

Mwaka juzi niliagiza drili kutoka Dar es Salaam kwa muuzaji niliyempata kwa simu. Alinitumia picha, nikatuma fedha, na mzigo ukafika kwa basi siku ya pili ukiwa umefungwa vizuri, ndani yake kukiwa na karatasi ya dhamana ya miezi sita isiyo na mhuri wala tarehe. Drili ilifanya kazi wiki tisa. Siku moja ikaanza kutoa cheche nyingi upande wa nyuma, ikafuata harufu ya kuungua, kisha kimya. Muuzaji aliniambia niirudishe kwa gharama yangu ili fundi wake aitazame. Nikairudisha, na tangu siku hiyo simu yangu haikupokelewa tena. Sisemi kwamba wauzaji wote wa Kariakoo wako hivyo, kwa sababu randa yangu ya mkono niliinunua hukohuko na ninaitumia hadi leo.

Sasa nataka kununua grenda ya inchi 4 na nusu pamoja na msumeno wa umeme wa kupasulia mbao. Duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini linaniuzia vyote viwili kwa bei inayozidi ya Kariakoo kwa shilingi 85,000, hata baada ya kuhesabu nauli ya mzigo. Mwenye duka ni mtu mpole, hunikaribisha kiti na kuniita fundi mkuu, lakini nilipomuuliza ninapata nini kwa zile 85,000 alicheka tu na kusema, "Huduma, fundi." Swali langu ndilo hilo: huduma hiyo ni nini hasa? Yeyote kati yenu, awe Mtwara au Lindi, aliyewahi kuhudumiwa vizuri na duka au na kiwanda chenyewe baada ya kulipa, naomba anieleze alitendewa nini, ili nijue la kudai kabla sijatoa fedha.

Fundi wa mota, Mtwara mjini, anajibu:

Ndugu Seremala, pole kwa drili yako, ingawa kwa maelezo uliyotoa nadhani haikustahili kufa. Cheche nyingi upande wa nyuma mara nyingi maana yake ni kwamba kaboni zimekwisha. Kaboni ni vile vijiwe viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya shaba inayozunguka ndani ya mota, na vimetengenezwa ili viishe, kama zilivyo brashi za kupakia rangi. Vikibaki vifupi sana na mtu akaendelea kutoboa, chuma cha springi hugusa shaba, shaba hukwanguka na kuungua, na hapo kitu kilichohitaji spea ya bei ndogo na dakika kumi za kazi hugeuka kuwa mota nzima ya kutupa. Wengi wanaoniletea drili na grenda zilizoungua wangeokoka kama siku ya kununua mtu angewaambia maneno matatu: cheche zikizidi, zima.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza cha duka si kiti wala chai. Ni swali moja: "Kaboni za mashine hii mnazo?" Muuzaji akizitoa kwenye droo na kukuonyesha kwamba zinalingana na modeli unayonunua, hapo kuna huduma. Akikuambia zitapatikana siku zikihitajika, ujue siku hiyo utazitafuta wewe. Msumeno nao una kaboni, isipokuwa kama ni wa mota isiyotumia kaboni, ambao bei yake huwa juu zaidi.

Kipimo cha pili kinahusu kiwanda. Watengenezaji wanaoheshimu zana zao huchapisha mchoro wa mashine iliyofunguliwa, kila kipande kikiwa na namba yake, kuanzia swichi hadi skrubu ya mwisho. Makita wa Japani na Bosch wa Ujerumani hufanya hivyo. Kwa fundi kama mimi ule mchoro una thamani kuliko karatasi ya dhamana, kwa kuwa ninaweza kuagiza kipande kwa namba badala ya kumweleza muuzaji kwa simu kwamba nataka "kile kiplastiki kilichopinda". Stihl, pia wa Ujerumani, walichagua tangu zamani kuuza mashine zao kupitia wauzaji wenye karakana ya matengenezo, na hilo ndilo linalowafanya wakulima wengi wasamehe bei yao. Mashine zisizo na jina, ambazo leo zinaitwa hivi na kontena lijalo zitaitwa vile, hazina mchoro wala namba. Ndani zinaweza kuwa nzuri kabisa, ila zikifa zimekufa.

Nikupe mfano mmoja wa huduma niliyoiona kwa macho yangu. Mwezi wa saba, wakati mikorosho inapuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, mkulima kutoka Tandahimba alileta mashine yake ya kupulizia kwenye duka moja hapa mjini ikiwa imegoma kuwaka. Spea iliyohitajika ilikuwa bado iko njiani kutoka Dar es Salaam. Mwenye duka aliingia ndani, akatoa mashine yake ya maonyesho, akamwandikia karatasi ya kuazima na kumwambia aje kuirudisha siku mashine yake mwenyewe itakapokuwa tayari. Anayejua korosho anaelewa uzito wa jambo hilo, maana maua hayasubiri spea, na wiki mbili bila dawa zinaweza kula mavuno ya mwaka. Nilimuuliza mwenye duka kwa nini asiogope mashine kupotea. Alijibu kwamba mkulima yule ana majirani.

Kabla hujaondoka dukani, washa mashine mwenyewe, usikubali kuwashiwa. Sikiliza kama kuna mlio wa kukwaruza, shika mwili wake uone kama inatetemeka isivyo kawaida, kisha soma kibati chake: umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde (hezi 50), na ziko zana zilizoletwa kwa ajili ya volti 110 au 120 ambazo zitaungua siku hiyohiyo. Tazama na diski. Diski za kukatia zinazoshikwa kwa gundi ya resini zina tarehe ya mwisho ya matumizi, mwezi na mwaka, zilizogongwa kwenye ile pete ya chuma ya katikati, na kwa kawaida ni miaka mitatu tangu kutengenezwa. Grenda ya inchi 4 na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski iliyolala miaka sita katika unyevunyevu wa pwani yetu ikipasuka kwa mwendo huo haichagui shavu wala jicho. Duka linaloondoa diski za zamani rafuni bila kuambiwa na mtu sijalipata bado, na siku nikilipata nitalitangaza.

Mwenye duka, Lindi, anajibu:

Nami niseme kwa upande wa nyuma ya kaunta, kwa kuwa nimeuza vifaa vya ujenzi na zana kwa miaka kumi na minne, na ninajua zile 85,000 zinakwenda wapi.

Kwanza niwe mkweli: si zote ni huduma. Sehemu yake ni usafiri wa mzigo wa jumla, kodi ya pango, na ukweli kwamba katika mji mdogo maduka yenye bidhaa hiyo huwa mawili au matatu, kwa hiyo mwenye duka hujipangia. Hiyo unaweza kuipigania kwa maneno, na usione haya. Sehemu ambayo usiipiganie ni ile ya spea zinazolala. Mimi nina droo ya kaboni, swichi, plagi, kamba za kuwashia na vichujio vya hewa ambavyo vingine vimekaa humo zaidi ya mwaka mmoja. Ile ni fedha yangu iliyokufa, inasubiri siku ya msiba wa mteja. Mwezi Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua iliyokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, magari yalikaa siku kadhaa pande zote mbili. Wiki ile wateja ambao kwa kawaida hunicheka kwamba bei zangu ni za mbinguni walipanga foleni kwenye droo ile. Sikupandisha bei hata shilingi moja, na ninaamini wapo wanaolikumbuka hilo kuliko punguzo lolote nililowahi kutoa.

Pili, nikiri kosa langu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikiuza mashine za kupulizia salfa kama nilivyokuwa nikiuza misumari: lipa, beba, kwaheri. Msimu mmoja zilirudi tatu ndani ya mwezi mmoja, zote injini zimenoki. Nilikuwa tayari kuwalaumu wenye kiwanda hadi nilipowauliza wakulima wenyewe walichanganyaje mafuta. Mmoja alikuwa akimimina petroli tupu, kama kwenye pikipiki yake. Mwingine alitumia oili ya injini ya gari. Hakuna aliyewaambia kwamba mashine ya namna ile haina oili ndani yake, na kwamba ulainisho wake wote unatoka kwenye oili ya 2T, yaani oili ya injini za mipigo miwili, inayochanganywa na petroli. Kitabu cha maelezo kilikuwemo katika boksi, kwa Kiingereza na lugha nyingine nne, na Kiswahili hakikuwemo. Sheria haikunibana, karatasi ya dhamana ilikuwa upande wangu, lakini nililipa nusu ya matengenezo ya zote tatu kwa sababu nilijua kosa lilianzia kwenye kaunta yangu. Siku hizi hatoki mtu na mashine ya kupulizia dukani kwangu kabla hajachanganya kwa mkono wake lita 5 za kwanza. Kwa mashine zinazotaka sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli, hiyo ni mililita 100 za oili, na kipimo kidogo cha plastiki ninakitoa bure. Na kwa hapa naomba wenye viwanda wanisikie, kama yupo anayesoma: mkifanikiwa kutuchapishia ukurasa mmoja tu wa Kiswahili, mtaokoa injini nyingi kuliko mafundi wenu wote.

Jambo la tatu ni mizani. Ninayo nje ya duka, na mteja wa nondo ana ruhusa ya kupima. Nondo halisi ya milimita 12 ina uzito wa karibu gramu 890 kwa mita, kwa hiyo mche wa mita 12 unapaswa kukaribia kilo 10 na nusu hivi. Mche wenye kilo 8 umeandikwa 12 lakini ni mwembamba. Tangu niweke mizani ile, wateja wenyewe wamenifanyia kazi ya kuwakagua wasambazaji wangu, na nimewahi kurudisha mzigo mzima. Huo si ukarimu. Ninalala vizuri, basi.

Ndugu Seremala, ukitaka kumpima huyo jirani yako, mwombe ushauri wa kitu ambacho hana faida nacho. Muulize kama kweli unahitaji ule msumeno mkubwa au wa inchi 7 unatosha kwa milango unayotengeneza. Atakayekuambia ununue mdogo, mrudie.

Mchongaji, Mikindani, anajibu:

Ninyi mnazungumzia zana za umeme, nami zana zangu ni tezo, patasi na tupa, lakini swali ni lilelile. Mpingo ni mti mgumu unaozama majini, na chuma kibovu hupoteza makali juu yake kabla jua halijapanda. Tezo zangu hufuliwa na mhunzi mmoja mzee kwa springi za magari makubwa. Kabla hajawasha moto huwa anakutaka ushike mpini wa zamani na kuigiza unavyochonga, ili aone unapiga kwa kifundo cha mkono au kwa bega, kisha ndipo huamua pembe ya kinywa cha tezo. Tezo ikimeguka makali ndani ya miezi ya kwanza anaichoma na kuizima upya, yaani kuipoza ghafla ili iwe ngumu, bila malipo, akisema kwamba kama imemeguka aliizima vibaya yeye, na kama imepinda tu bila kumeguka basi ulikuwa unang'olea misumari, na hapo unalipa. Hana karatasi wala mhuri. Ninatembea mwendo mrefu kumfuata, ilhali kuna tezo za dukani karibu na nyumbani kwangu.

Sijui kama kiwanda kikubwa kinaweza kufanya vile, maana mhunzi anamjua kila anayemtumikia.

Mwalimu wa ufundi, Nachingwea, anajibu:

Vimekuwapo viwanda na maduka makubwa vilivyojaribu, ndugu Mchongaji. Kule Marekani, duka la Sears liliuza kwa miongo mingi spana na bisibisi za jina la Craftsman kwa dhamana ya maisha: ukivunja spana unaipeleka, unapewa nyingine, huulizwi risiti. Lakini angalieni ni zana gani. Spana ni kipande cha chuma kilichofuliwa, hakina kitu cha kuisha, na kikivunjika kwa kawaida kosa ni la chuma. Dhamana ya namna hiyo haikuwa kwa mashine zao za umeme, na hata leo mtengenezaji mzuri kabisa hakupi dhamana ya kaboni, diski, plagi wala kichujio, kwa kuwa hivyo ni vya kuisha. Mteja anayekwenda dukani kudai kaboni bure anamwonea muuzaji.

Kuhusu haki, wengi hutishwa na lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji, pale mnunuzi anapomweleza kazi anayotaka kuifanya na kutegemea ujuzi wake, ampe kitu kinachofaa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo usiseme tu "nipe grenda". Sema mbele ya shahidi kwamba ni ya kukatia vyuma vya madirisha kila siku. Ila sheria hiyohiyo inakuwekea mzigo: ukiikagua bidhaa dukani, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuionyesha. Dai risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, na nyuma yake mwombe muuzaji aandike namba ya utambulisho ya zana na kusaini. Bila hiyo, ukienda Tume ya Ushindani au mahakama ya mwanzo una hadithi tu.

Seremala wa Masasi anarudi:

Nawashukuru wote, na hasa Fundi wa mota, kwa sababu leo asubuhi nimekwenda na swali lake la kaboni kama mtu aliyebeba spana ya kufungulia mlango.

Kwa ile grenda niliyoitaka mwenye duka hakuwa nazo. Alitafuta droo mbili, akampigia mtu simu, kisha akasema wazi kwamba modeli ile hana spea zake na hajui lini atazipata, lakini ana nyingine ambayo kaboni zake anazo jozi nne. Nimechukua hiyo. Msumeno alinishauri ule wa inchi 7 bila hata kumuuliza mara ya pili, na tofauti ya bei na Kariakoo imeshuka hadi shilingi 55,000, jozi mbili za kaboni zikiwa ndani yake na namba za mashine zote mbili zikiwa nyuma ya risiti kwa mwandiko wake. Nimewasha mwenyewe. Alisogea nyuma hatua mbili, akasubiri hadi niliporidhika.

Kwenye diski ndipo tulipokwama. Nilizigeuza mojamoja kusoma ile pete ya katikati, na nyingi zilikuwa zimepitwa na muda tangu mwaka 2022. Yeye mwenyewe hakuwa anajua kwamba diski ina tarehe; alivaa miwani, akasoma, akazisoma tena. Kisha akazitoa zote rafuni na kuziweka chini ya kaunta. Jumatatu nitapita kuangalia kama ziko hukohuko.